Suribachi, 1945: Picha Iliyopata Umaarufu Kabla ya Kupata Majina

Picha inayojulikana kuliko zote katika vita vya Pasifiki, ile ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima, haikupigwa na mwanajeshi. Aliyeipiga, Joe Rosenthal, alikuwa raia, mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press, na jeshi lilishamkataa kwa ubovu wa macho. Lakini tarehe 23 Februari 1945, juu ya mlima Suribachi, jeshi lilikuwa na watu wake wa kamera waliofunzwa kazi hiyo na kufunzwa kupigana. Mmoja alifika mapema kuliko wote. Mwingine alisimama karibu na Rosenthal akanasa tukio lilelile kwa sinema ya rangi. Wa tatu alikaa pembe ambayo Rosenthal hakuiona kabisa. Ukiuliza watu leo, anayetajwa ni yule raia.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya bahati: mtu kageuka, kabonyeza, dunia nzima ikasimama. Bahati ya Rosenthal sina ugomvi nayo. Ninachotaka kukichambua ni kitu kidogo ambacho wasimuliaji wengi hukiruka, yaani maelezo ya picha. Kwenye picha ile kuna watu sita, na iliporushwa duniani hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandikwa jina. Kuwataja sawasawa kulichukua miaka 74. Katika orodha ya kwanza iliyotangazwa rasmi, majina matatu kati ya sita yalikuwa ya watu ambao hawamo kwenye picha. Na waliookoa jahazi mwishoni ni wale wapiga picha wa jeshi waliosahauliwa, kupitia filamu zao.

Bendera mbili, asubuhi moja

Iwo Jima ni kisiwa kidogo kusini mwa Tokyo, kilomita za mraba 21 hivi, jivu jeusi na mawe ya volkano. Askari wa Marine wa Marekani walishuka ufukweni tarehe 19 Februari. Kwa msomaji asiyewafahamu, Marine ni askari wa nchi kavu walio chini ya Wizara ya Jeshi la Majini: wanabebwa na meli za wanamaji, wanashushwa na mashua za wanamaji, na wakijeruhiwa wanatibiwa na matabibu wa wanamaji. Kwa hiyo kumbukumbu za vita vyao ni sehemu ya kumbukumbu za jeshi la majini, na wapiga picha wao walikuwa wakifanya kazi wakiwa na mguu mmoja melini na mwingine ufukweni.

Suribachi upo ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa, mita 169 kwenda juu. Aliyekaa kileleni aliona ufukwe wote na kila aliyekuwa juu yake, ndiyo maana ilibidi utwaliwe mapema. Asubuhi ya tarehe 23, Luteni Kanali Chandler Johnson, kamanda wa batalioni ya 2 ya rejimenti ya 28, alimtuma Luteni Harold Schrier apande na doria ya watu kama arobaini. Walipewa bendera iliyotoka kwenye meli ya USS Missoula, ndogo, urefu wake haufiki mita moja na nusu. Aliyefuatana nao na kamera alikuwa Sajenti Louis Lowery wa jarida la Marine liitwalo Leatherneck. Alipiga picha njia nzima, akapiga wakati bendera inafungwa kwenye kipande cha bomba la maji walilolikuta kileleni, na akapiga iliposimamishwa, yapata saa nne na nusu asubuhi. Meli zilizozunguka kisiwa zikapiga honi.

Muda si muda Wajapani waliokuwa wamejificha pangoni wakatoka. Risasi, kisha guruneti. Lowery akajitupa upande wa ndani wa kreta, akabiringika mteremkoni, kamera ikavunjika. Filamu ikapona. Nimekutana na watu wanaolisimulia tukio hili kama kichekesho, lakini kwa mtu wa kazi hiyo hakuna cha kuchekesha: alijua lini aache kupiga picha na awe askari, na akashuka mlimani kazi yake yote ikiwa mkononi, kasoro chombo cha kuifanyia.

Akiwa njiani kutafuta kamera nyingine akakutana na wengine wanapanda. Rosenthal alikuwemo, pamoja na Sajenti Bill Genaust wa kamera ya sinema na Bob Campbell wa picha mnato, wote wawili Marine. Campbell na Rosenthal walijuana tangu uraiani, San Francisco. Lowery akawaambia bendera imeshapandishwa, ila wapande tu, kule juu kuna mandhari nzuri. Rosenthal, kwa kuwa alikuwa mwandishi wa habari, hakubeba silaha. Wale Marine wawili walikuwa wamebeba. Kwa maneno mengine, raia aliyepiga picha ile maarufu alifika kileleni chini ya ulinzi wa wapiga picha wenzake.

Huko chini mambo yalikuwa yamebadilika. James Forrestal, Waziri wa Jeshi la Majini, alikuwa ameshuka ufukweni asubuhi hiyohiyo, na Kanali Johnson aliona kabisa kwamba bendera ya kwanza itagombewa. Akataka ile ibaki ya batalioni yake, itafutwe nyingine. Ikapatikana kubwa zaidi kwenye LST-779, meli ya kushushia vifaru iliyokuwa imeegesha pua yake ufukweni. Mjumbe wa batalioni, Rene Gagnon, akapanda nayo pamoja na betri za redio. Kikosi kidogo cha Sajenti Michael Strank kilikuwa kinapanda vilevile, kikitandaza waya wa simu. Hakuna kati yao aliyekwenda kutengeneza historia. Walikwenda kufanya kazi za mawasiliano, wakaombwa wasaidie kusimamisha bomba.

Rosenthal alikuwa mfupi, akapanga mawe na mifuko ya mchanga ili asimame juu yake. Genaust akaja upande wake wa kulia, akamuuliza kama hamzibi. Wakati wanaongea hivyo bomba likaanza kuinuka. Rosenthal akageuza kamera yake ya Speed Graphic na kubonyeza mara moja, bila nafasi ya kutazama vizuri kwenye kitafutio. Genaust yeye alikuwa na kamera ya milimita 16 yenye filamu ya rangi. Kamera ya namna hiyo inaendeshwa kwa springi inayotiwa ufunguo kwa mkono, na kasha lake la filamu ni dogo, dakika chache limekwisha. Mtu wa sinema vitani anafunzwa kubana filamu, lakini pia anafunzwa kutokata tukio katikati. Genaust aliwahi mwanzo, akaiacha kamera iende mpaka bendera iliposimama wima na upepo ukaikunjua.

Campbell alichagua upande mwingine. Picha yake inaonyesha bendera ndogo ikishushwa mbele huku kubwa ikipanda nyuma yake. Kwa uzuri haigusi ya Rosenthal. Kwa kumweleza mtu kilichotokea siku ile, naiweka juu ya ya Rosenthal bila kusita.

Mafunzo yao yalikuwaje

Marine wana msimamo mmoja wa zamani: kila mmoja wao ni mtu wa bunduki kwanza, kazi nyingine inafuata. Mpishi, karani, mpiga picha, wote hupita kwenye mafunzo yaleyale ya kulenga shabaha na kutambaa. Ndipo wachache wanapelekwa kujifunza kamera. Norman Hatch, aliyekuwa ofisa wa picha wa divisheni ya 5 pale Iwo Jima, alijifunzia sinema New York kwa watengenezaji wa filamu za habari. Novemba 1943, katika mapigano ya Tarawa, alifanikiwa kuwanasa Marine na Wajapani ndani ya fremu moja, jambo ambalo karibu halijawahi kuonekana vitani, kwa sababu ili kulipata ni lazima kamera iwe mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekuwa amelala chini. Filamu fupi iliyotokana na mikanda ile ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1945.

Genaust naye hakuwa mgeni wa risasi. Alijeruhiwa Saipan mwaka 1944 alipoweka kamera kando na kupigana, na baada ya kifo chake alitunukiwa nishani ya Bronze Star. Angeweza kubaki nyuma. Mwaka uliofuata akaenda Iwo Jima akiwa na umri wa miaka 38, umri ambao askari wa kawaida wa Marine wangemwita mzee.

Upande wa meli zenyewe kulikuwa na kundi lingine ambalo lazima nilitaje, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba tatizo la Suribachi lilikuwa na dawa. Edward Steichen, mpiga picha wa sanaa na mitindo aliyekuwa maarufu tangu mwanzo wa karne, aliingia Jeshi la Majini mwaka 1942 akiwa amevuka miaka sitini, akaunda kikosi kidogo cha kupiga picha za urubani wa majini. Aliwachukua watu waliokuwa tayari mafundi wa kamera, akawatuma kwenye manowari za kubebea ndege, na msisitizo wake ulikuwa wawapige picha watu. Meli na ndege zitapitwa na wakati, mtu hapitwi.

Mmoja wa vijana wake, Wayne Miller, alikuwa kwenye USS Saratoga mwezi Novemba 1943 ndege ziliporudi kutoka kushambulia kambi ya Wajapani ya Rabaul. Alipiga picha ya majeruhi akiinuliwa kutoka kwenye kiti cha bunduki cha ndege, mikono ya wenzake ikimshika kwapani. Ukienda kwenye kumbukumbu za taifa za Marekani unakuta maelezo yake: Kenneth Bratton, fundi wa silaha za ndege, wa Mississippi, na aina ya ndege, na meli, na shambulio alilotoka kulifanya. Mtu alikuwa anavuja damu, sitaha imejaa kelele, na bado jina lake likapatikana na likaandikwa. Sisemi kwamba hali ya sitahani ni sawa na ya kileleni. Melini watu wako kwenye orodha, kesho yake bado wapo, ukisahau jina unauliza. Mlimani kundi linatawanyika baada ya robo saa na huwaoni tena. Hata hivyo Campbell, Genaust na Rosenthal walikuwa na dakika kadhaa baada ya tukio. Rosenthal alizitumia kuwakusanya askari kama kumi na wanane chini ya bendera wapunge kofia na bunduki. Majina ya wale sita wa mwanzo hayakuchukuliwa.

Filamu iliyopanda ndege na ile iliyopanga foleni

Jioni Rosenthal alirudi kwenye meli ya amri, USS Eldorado, akaandika maelezo ya picha zake. Alitaja mlima, batalioni, rejimenti na divisheni. Kwa mwandishi wa shirika la habari hiyo ni kazi iliyokamilika. Filamu ikapanda ndege hadi Guam, mhariri wa picha John Bodkin akaona alichonacho mkononi, ikarushwa kwa redio, na Jumapili tarehe 25 Februari ikawa kurasa za mbele za magazeti Marekani.

Filamu za jeshi zilikwenda kwa njia ya jeshi. Ya Lowery ilikuwa ya jarida, haikuwa na haraka. Ya Genaust ilikuwa ya rangi, na filamu ile ya rangi haikuweza kusafishwa kisiwani. Kwa hiyo umma ulianza kuijua bendera ya pili kabla ya kujua kwamba kulikuwa na ya kwanza. Hapa ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Askari wengine walikuwa kileleni kwa bendera zote mbili, wengine moja, na gazeti lililotoka lilionyesha tukio moja tu.

Kosa la kwanza kujitokeza halikuwa la majina, lilikuwa la kumtuhumu Rosenthal kwamba aliwapanga. Alipofika Guam aliulizwa kama picha ilipangwa, akajibu ndiyo, akidhani wanaulizia ile ya kupunga kofia. Mwandishi mmoja akasikia, habari ikaenda, na hadi kifo chake mwaka 2006 Rosenthal alikuwa bado anajieleza. Kilichomtetea kuliko maneno yake yote ni mkanda wa Genaust: unaona bomba chini, watu wanahangaika nalo, linainuka, linasimama, hakuna anayeangalia kamera na hakuna anayerudia. Uwongo wa kupanga hauna pa kujificha kwenye sinema isiyokatwa.

Genaust hakuwahi kuuona mkanda ule. Tarehe 4 Machi, siku tisa baada ya bendera, aliingia kwenye pango la kilima kilichoitwa 362A akiwa na tochi, na bunduki ya rashasha ikamwangusha. Pango likafungwa. Mwaka 2007 timu ya jeshi la Marekani ilikwenda kutafuta mabaki yake, haikuyapata.

Tazama tarehe za wengine. Strank alikufa 1 Machi. Harlon Block, wa kikosi cha Strank, 1 Machi. Hank Hansen, aliyekuwa kwenye bendera ya kwanza, 1 Machi. Kanali Johnson, aliyetuma bendera zote mbili, 2 Machi. Franklin Sousley, wa kikosi hichohicho cha Strank, 21 Machi. Wengi wa watu ambao wangeweza kusema "yule ni fulani" walikwisha kabla ya mtu yeyote Washington kuuliza. Kwa mpiga picha wa vita hili ndilo la kuliwekea mkazo: umri wa ushahidi wa majina ni mfupi mno, pengine siku moja, pengine saa moja. Kinachoitwa "nitauliza baadaye" kisiwani pale hakikuwepo.

Orodha ya haraka

Rais Roosevelt alitaka walioonekana kwenye picha watambuliwe na warudishwe nyumbani, maana serikali ilikuwa inajiandaa kuuza hatifungani za vita kwa awamu ya saba na picha ile ndiyo ingekuwa bango. Aliyerudi wa kwanza alikuwa Gagnon, yule mjumbe. Akakalishwa na picha iliyokuzwa, atoe majina. Alitoa: yeye mwenyewe, Strank, Sousley, tabibu wa jeshi la majini John Bradley, na Hansen. Wa sita alikuwa Ira Hayes, Mhindi Mwekundu wa kabila la Pima kutoka Arizona, ambaye hakutaka kabisa kutajwa, na Gagnon alisita kabla ya kumtoa.

Mtu mmoja, picha moja ya nyuso zisizoonekana, na kampeni inayosubiri. Simlaumu Gagnon hata kidogo. Wengi wamemlaumu, lakini kijana wa miaka 20 mbele ya maofisa wanaotaka jibu leo atatoa jibu leo.

Hayes alipofika Washington mwezi Aprili aliona kosa papo hapo: aliyeinama chini kabisa kushindilia bomba, mgongo wake ukiwa kwenye kamera, si Hansen, ni Block. Akaambiwa majina yameshatangazwa, anyamaze. Akazunguka na kampeni akinyamaza, na kampeni ikakusanya zaidi ya dola bilioni 26. Nyumbani Texas, mama yake Block alikuwa ameiona picha gazetini na kusema huyo ni mwanangu, kwa kumtambua kwa mgongo tu, na hakuna aliyemwamini. Mwaka 1946 Hayes akaenda kwa baba yake Block na kumweleza. Uchunguzi ukafanyika, na Januari 1947 jina la Block likarudishwa.

Ungedhani hapo wangekagua yote sita. Hawakukagua. Mwaka 1954 sanamu kubwa ya shaba ya Felix de Weldon ikazinduliwa Arlington, na sura za Gagnon na Bradley zimo, kwa kuwa walikaa mbele ya mchongaji kama manusura wa picha. Wote wawili hawamo kwenye picha. Bradley alisaidia kweli kuisimamisha bendera ya kwanza. Gagnon aliibeba ya pili mlimani. Walikuwepo, ila hawapo pale shaba inapowaweka.

Kilichofumbua fumbo

Kilichofuata kilichukua muda mrefu na hakikuanzia jeshini. Kufikia mwaka 2014 wapenzi wawili wa historia, mmoja wa Marekani na mwingine wa Ireland, walikuwa wameanza kulinganisha mavazi. Aliyeitwa Bradley kwenye picha ya Rosenthal ana suruali ambayo haikukunjwa chini, na kiunoni ana vitu ambavyo tabibu havimhusu. Kwenye picha nyingine za siku hiyohiyo Bradley amekunja suruali. Mtu hakunjui na kukunja suruali mara tatu mlimani huku vita vinaendelea.

Picha hizo nyingine zilitoka wapi? Kwa Lowery, kwa Campbell, kwa wapiga picha wengine waliopita kileleni mchana ule, na zaidi kwenye mkanda wa Genaust. Jopo la Marine liliponyoosha mambo mwaka 2016, lilikubali kwamba mtu aliyeitwa Bradley kumbe ni Sousley, na aliyekuwa akiitwa Sousley ni Harold Schultz, ambaye jina lake halikuwahi kutajwa. Kilichomfichua Schultz ni mkanda wa kofia yake ya chuma, ulioning'inia upande wa kushoto. Unaonekana kwa Rosenthal na unaonekana kwenye picha ambazo sura yake iko wazi. Schultz alifanya kazi ya posta Los Angeles, akafa mwaka 1995, bila kujitangaza.

Mwaka 2019 ikaja zamu ya Gagnon. Aliye upande wa pili wa bomba, amezibwa karibu mwili mzima kwenye picha ya Rosenthal, ni Koplo Harold Keller. Picha mnato peke yake isingeweza kamwe kumtoa, kwa sababu hayupo wa kuonekana. Sinema ilimtoa, kwa kuwa watu wanatembea, wanageuka, wanatokea upande wa pili wa mwenzao. Zile fremu ambazo Genaust hakuzikata ndizo zilizohesabiwa moja moja na wataalamu, pamoja na wa FBI.

Hivyo tathmini yangu ya wapiga picha wale wa jeshi ina pande mbili zisizolingana. Kwa kunasa tukio walifanya kazi ya kupigiwa mfano: pembe tatu tofauti, filamu imelindwa, mwanzo hadi mwisho. Kwa kuandika walishindwa, na sitaki kusingizia vita peke yake, kwa sababu Miller na wenzake waliandika wakiwa vitani vilevile. Tofauti ni kwamba kikosi cha Steichen kiliagizwa tangu mwanzo kumfuata mtu. Marine waliagizwa kulifuata pambano. Ukimtuma mpiga picha akaonyeshe kwamba mlima umetekwa, atakuletea mlima uliotekwa.

Na sisi huku tusijione tuko mbali. Vita hivyohivyo, Desemba 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivuka mto Chindwin kule Burma, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, na kamera za jeshi la Uingereza zilikuwepo. Nyingi ya picha nilizoziona zinataja mto, mahali na divisheni. Askari mwenyewe anabaki "askari wa Afrika Mashariki". Kwa Suribachi palikuwa na hatifungani za kuuzwa na sanamu ya kujengwa, ndiyo maana makosa yalitafutwa hadi yakapatikana. Kwa hao wetu hakuna jopo lililokaa. Mikanda ya kofia zao nayo inaning'inia kwenye picha, kama kuna mjukuu mwenye picha ya nyumbani ya kulinganisha nayo.

Kanuni ya sasa

Jeshi la Majini la Marekani liliunganisha kazi hizi mwaka 2006: mpiga picha, mwandishi, mchoraji na mpiga chapa wakawa fani moja ya mawasiliano, na mafunzo yao hufanyika Fort Meade, Maryland, pamoja na wa majeshi mengine. Anayekwenda na vikosi vya mapambano anaongezewa mafunzo ya silaha, huduma ya kwanza na kutembea na doria, kwa sababu ileile ya zamani: asiwe mzigo kwa anaowapiga picha.

Kila picha inapewa namba ya utambulisho kabla ya kutoka: tarakimu sita za tarehe, herufi ya jeshi husika, kitambulisho cha mpiga picha, kisha namba ya picha ya siku hiyo. Maelezo yanatakiwa yaseme nani, cheo gani, anafanya nini, wapi, lini. Mwanafunzi anayeleta picha nzuri bila jina anarudishwa nayo. Wakufunzi wanawataka vijana wamwombe askari alitamke jina lake herufi kwa herufi, au wapige picha ya kibandiko cha jina kifuani kabla au baada ya tukio, hata kama picha hiyo ni mbovu.

Pale ambapo jina halitakiwi kutoka, kwa mfano la askari wa vikosi maalumu, linafichwa kwenye toleo la umma na mpiga picha anatakiwa kujua kwamba analificha. Mashinikizo yenyewe hayajapungua, yameongezeka. Mwaka 1945 filamu ilihitaji ndege hadi Guam, na mtu angeweza kuitumia safari hiyo kuandika vizuri kama angekuwa na majina. Siku hizi ofisa wa habari melini anataka picha mtandaoni ndani ya saa moja, na kijana aliye sitahani na glavu zilizolowa mafuta anapaswa kuchagua kati ya kupiga fremu inayofuata na kutoa daftari. Wakufunzi wanasema atoe daftari. Wahariri, kwa kadiri ninavyowajua, bado wanataka fremu inayofuata.